Miongozo ya Kigeni na Mbanda wa Mke Wangu

Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Nyingi ni mota za vinu vya mahindi, na hapa Lubumbashi, ambako umeme huondoka bila kuaga na kurudi kwa hasira, mtu wa kazi yangu halali njaa. Sikuisomea shuleni. Nilijifunza kutoka kwenye vile vitabu vidogo vinavyokuja ndani ya sanduku la mashine, ambavyo wenye mashine huwapa wauza karanga wafungie. Nilivisoma vya Kifaransa, kisha vya Kiingereza, na kimoja cha Kijerumani nilikisoma kwa michoro tu. Kwa hiyo mjukuu wetu alipokaribia umri wa kuanza shule ya watoto wadogo, maternelle kama tunavyoiita, bila kusema neno hata moja, nilifanya ninachofanya mota inapokataa kuzunguka: nilitafuta kitabu.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yetu wa pekee. Binti anafanya biashara Mokambo, mpakani na Zambia. Ananunua unga na mafuta ya kupikia upande wa pili, anavipitisha duane, yaani forodhani, na kuviuza upande huu. Mtoto alibaki kwetu tangu alipoachishwa ziwa. Hakuwa kiziwi. Daktari alimpima masikio akasema ni mazima kuliko yangu. Alielewa kila kitu. Ukimwambia alete kikombe, analeta kikombe. Kama hataki, anakutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji, kisha anaendelea na shughuli zake. Ila kusema, hapana.

Mwisho wa mwaka wa shule tulimpeleka kuandikishwa. Mkuu wa maternelle ya mtaa wetu ni mama mpole anayeinama ili kuongea na watoto, na kwa kuinama huko miwani yake huanguka.

"Jina yako nani, mama?" alimwuliza mtoto.

Mtoto alimtazama viatu.

Mkuu wa shule akaokota miwani. "Papa," akaniambia, "mi sikatale mutoto. Lakini batoto ni mingi na madame ya kubafundisha ni mumoja. Mutoto anapashwa kusema: nataka maji, nataka kuenda ku choo. Mwenye hasemake anapotea. Mumurudishe mu septemba, tutaona."

"Tutaona" ni neno ninalolijua. Ndilo ninalowaambia wateja ambao mota zao zimekufa.

Jioni binti yetu alipiga simu, nasi tukamwambia. Akasema, "Kama banamukatala, minakuya kumubeba. Atakaa na mi ku depo."

"Ku depo kunalalaka mifuko ya unga," mke wangu alisema. "Hakuna fasi ya mutoto."

"Mama, mumechoka. Mupumuzike sasa."

Mke wangu alinirudishia simu akaenda kuchagua maharagwe ambayo alikuwa ameshayachagua. Binti alipoondoka nyumbani, tulibaki watu wawili ambao kila mmoja anajua jibu la mwenzake kabla ya swali. Mtoto asiyesema ndiye aliyekuwa akiijaza nyumba. Sasa tulikuwa na kipwa kimoja, kiangazi chetu, cha kumfanya aseme. Asiposema, angeondoka.

Nikanunua mega za intaneti, nikakaa chini ya antena. Sikujua kuwa kuna nchi nyingi hivyo zinazowaandikia wazazi jinsi ya kukaa na mtoto mdogo, tena bure. Nilichagua miongozo iliyokuwa na michoro na hatua zilizopangwa, maana ndivyo nilivyozoea, nikaipeleka kwenye kibanda cha kuchapisha karatasi kando ya soko. Msichana wa pale aliichapa pande zote mbili na kuifunga kwa pete za plastiki.

"Papa, unafungula shule?"

"Hapana. Niko na mutoto mumoja."

Alilitazama rundo, akanitazama mimi, akaniongezea jalada la bure.

Kiingereza changu ni cha mota. Najua kusema usiguse, hatari ya kifo, na rudisha kiwandani. Katika kulea mtoto maneno haya yana kazi yake lakini hayatoshi, kwa hiyo nilisoma polepole, na kila nilichokielewa nilikitekeleza siku ileile.

Mwongozo wa kwanza ulitoka nchi ya theluji. Uliagiza mtoto atolewe nje kila siku, na mvua isimzuie, mradi amevaa mabuti ya mpira. Nilimnunulia mabuti mekundu. Ilikuwa Julai. Mvua yetu haifiki kabla ya Oktoba, na mwaka mwingine hata Oktoba inaisahau. Mtoto aliyapenda mabuti yale akakataa kuyavua hata kitandani, akatembea nayo katika vumbi tangu asubuhi.

"Papa," mke wangu aliniuliza, akitazama mbingu isiyo na wingu, "ile mvua yako, bameikamata ku duane?"

Mwongozo wa pili ulitaka tutengeneze ubao wa hali ya hewa. Kila asubuhi mtoto anatundika picha inayofaa: jua, wingu, mvua au theluji. Niliukata ubao vizuri, nikachora picha zote, hata ile ya theluji, kwa sababu mwongozo uliitaja na mimi siruki hatua. Mtoto alitundika jua. Kesho yake jua. Ikaendelea hivyo, jua juu ya jua, hadi asubuhi moja alisimama mbele ya ubao, akawaza, akatundika theluji na kunitazama usoni. Nilimrekebisha. Nilimweleza kwa upole theluji ni nini na kwa nini haiko hapa. Sasa najua kwamba ulikuwa mzaha wake wa kwanza, nami niliujibu kwa somo la jiografia.

Wa tatu ulisema mtoto apewe nafasi ya kuchagua. Lakini mezani kwetu kuna bukari, yaani ugali, na kesho kuna bukari.

"Muulize muzuri," mke wangu alinishauri. "Unataka bukari ya leo, ao unataka bukari ya kesho?"

Wa nne ndio nilioupenda zaidi, kwa sababu ulikuwa na mantiki. Ulisema mtoto huchota maneno kutoka kwenye maneno yanayomzunguka. Basi mtu mzima aseme kwa sauti kila anachokifanya, wakati anapokifanya. Nilihesabu kwamba nyumbani kwetu maneno ni machache kweli, na mimi mwenyewe ninaweza kusuka mota nzima bila kufungua mdomo. Nikaanza asubuhi iliyofuata.

"Sasa niko nafunga kiatu. Sasa niko navaa kiatu ya pili. Sasa niko nafungula mulango."

Karakana yangu iko uani, kwa hiyo niliendelea huko, nikitoa skrubu za mota, mtoto akiwa kwenye mkeka wake. "Sasa niko natosha vis ya kwanza. Sasa vis ya kwanza imeanguka. Sasa niko natafuta vis." Mteja mmoja mwenye kinu alisimama mlangoni akanisikiliza, mota yake begani. Kisha alinisalimia kwa heshima kubwa, kama unavyomsalimia mfiwa, akaenda kutafuta msukaji mwingine.

Jirani yetu ni mama anayeuza vitenge. Wazazi wake walitoka Kasai, na ana sauti ambayo ukuta wetu haujawahi kuizuia.

"Papa, uko nasema na nani?" aliuliza siku moja, kichwa chake juu ya matofali.

"Na mutoto."

"Mutoto iko nalala."

Nilitazama. Alikuwa amelala kweli, amevaa mabuti. Sijui nilikuwa nimemweleza nani kuhusu shaba muda wote ule.

"Ni vernisi," jirani alimwambia mke wangu, bila kuishusha sauti, akilionyesha kopo la dawa ninayopakia nyaya. "Ile vernisi ya mota inapandaka ku kichwa. Vendredi tuko na maombi. Mumulete."

Mpaka hapo hakuna aliyeumia. Ukurasa uliofuata ndio ulioleta shida.

Lazima nieleze desturi yetu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ni mzaha, lakini mzaha wenye sheria: babu humwita "bibi yangu," maana kwetu bibi ni mke, naye nyanya, kwa kuwa ndiye mke wa kweli, analazimika kuona wivu. Mjukuu anakuwa mke mwenza wake, mbanda wake. Mke wangu aliutimiza wajibu huo tangu mtoto alipojua kukaa.

"Muangalie mbanda yangu," alikuwa akisema. "Anakulaka kama mwanaume, hajue kupika, meno haiyatimie, na bado anataka bwana ya batu!"

Mtoto alikuwa akimjibu kwa kufyonza, yaani kumsonya, kisha ananipanda magotini na kunishika sikio, kama mtu anayeshika hati ya kiwanja.

Sasa, mwongozo wa tano, wa nchi nyingine ya baridi, ulisema mtoto asiitwe kwa majina ya dhihaka hata kidogo. Asemeshwe kwa utulivu, kwa maneno mema, kama mtu kamili. Nilimtafsiria mke wangu ukurasa mzima wakati wa kula.

"Na mbanda yangu nimuite nani?"

"Umuite jina yake."

"Na akininyanganya bwana, ninyamaze?"

"Unyamaze."

Mke wangu ni mtu ambaye akikutii, anakutii mpaka ujute. Asubuhi iliyofuata alimwinamia mtoto akiwa na kikombe mikononi. "Bonjour, mademoiselle. Mademoiselle amelala muzuri? Mademoiselle anapenda chai?" Mtoto alimtazama kama alivyoitazama picha ya theluji.

Ikawa hivyo hadi Agosti ikaanza. Mimi nilisimulia skrubu zangu, mke wangu alikuwa na adabu, na mtoto alitulia. Hakufyonza tena. Hakunishika sikio. Mimi niliona hayo ni maendeleo, kwa kuwa miongozo yote inawasifu watoto waliotulia. Mke wangu hakuona chochote, au aliona akangoja, maana nilikuwa nimemwambia anyamaze.

Kisha mtoto akaanza kutoroka. Kila mchana mabuti mekundu yalipita kwenye pengo la ukuta na kwenda kwa jirani. Siku moja nilimfuata nimrudishe. Kabla sijavuka pengo, nikasikia.

"Umekuya tena, weye bibi ya mufundi? Bwana yako njo ule anasemaka na vis? Kama ni mi, ningemuacha zamani!"

Likafuata fyonzo. Refu, safi, la mtu anayejua kazi yake.

"Eh! Unanifyonza mi? Weye mwenye kulala na mabuti kama soda?"

Nilichungulia kati ya vitenge vilivyoanikwa. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mbele ya yule mama, mikono kiunoni, anacheka hadi mabega yanatikisika, kama soda, yaani askari, aliyerudi na ushindi. Na midomo yake ilikuwa ikienda. Sauti haikutoka, lakini midomo ilikuwa ikitafuta mahali pa kuanzia. Nyumbani kwangu sikuwa nimeuona mdomo ule ukisogea isipokuwa kwa kutafuna.

Mota ya kigeni huja na kibao cha chuma kinachosema inataka umeme wa nguvu gani. Mtu anayekisoma kibao na kuunganisha palepale ataiunguza mota nzima, kwa sababu hajapima umeme uliopo kwa mteja. Nimewakemea watu wengi kwa kosa hilo. Nilirudi nyumbani bila mtoto, nikakaa kwenye kigoda changu, na sikusimulia kuwa nimekaa.

Lakini kumwambia mke wangu lilikuwa jambo lingine. Nilizunguka nalo siku kadhaa. Aliyeniokoa ni binti yetu, bila kujua. Alinitumia kwa simu picha za karatasi aliyoipata upande wa Zambia, ambako kina mama hupewa wanapopima watoto. "Papa, weye mwenye kupenda makaratasi, ona hii," aliandika. Ilikuwa kwa Kibemba, lugha niliyoisikia kwa mama yangu, mtu wa Kasenga. Mchoro mmoja ulionyesha nyanya ametoa ulimi nje na mtoto anavuta kitambaa cha kichwa chake. Maelezo yalikuwa mafupi: wazee wataniane na wajukuu wao kama ilivyo desturi, kisha wangoje, wampe mtoto nafasi ya kujibu.

Nilimsomea mke wangu jioni, kwa uzito uleule niliosomea miongozo mingine.

"Hii ni mpango ya Zambia," nilimaliza. "Inaomba nkambo wa mutoto, ni weye, amutanie."

Mke wangu aliweka mwiko chini.

"Donc," alisema, "utani yangu imeendaka Zambia, imepata pasipoti, imerudi, njo sasa unaiitika?"

"Ndiyo."

"Ku duane ilipita?"

"Ilipita."

Alimgeukia mtoto. "Mademoiselle, pole sana. Papa ametoa ruhusa." Akavuta pumzi. "Weye mbanda muvivu! Weye mwizi ya mabwana! Unanikalia mu nyumba na mabuti, hata sahani moja huoshe!"

Mtoto alimtazama, akanitazama mimi ili kuhakikisha. Kisha akafyonza, na fyonzo lile lilikuwa na deni la mwezi mzima ndani yake. Akanipanda magotini. Sikio langu liliuma kwa raha.

Siku zilizofuata jirani naye alijiunga, na saa ya kupika ukawa mchezo wa wanawake wawili, mmoja kila upande wa ukuta, wakijadili aibu za mke mdogo. Jioni moja walikuwa wakibishana kama mke asiye na meno ya nyuma anaweza kurudishwa kwao. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mimi nilikuwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nilikuwa nikisuka nyaya bila kusema kitu.

Sauti ilitoka kwenye mkeka.

"Sasa mbanda iko naunguza bukari."

Mke wangu aligeuka polepole. "Nani amesema?"

"Mbanda iko naunguza," mtoto alirudia, akaionyesha sufuria kwa ncha ya buti. Alisema kwa kupima maneno, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayetoa skrubu. Niliitambua. Ilikuwa sauti yangu.

Bukari ilikuwa imeungua kweli.

"Ninakupikia kila siku ya Mungu," mke wangu alisema, akijipangusa macho kwa kitenge na kuulaumu moshi, "na siku unafungula kinywa, ni kunishitaki ku bwana?"

Tuliila ile bukari yote, hata nyeusi ya chini. Jirani alisema ni maombi ya Ijumaa, ile vendredi yake. Mke wangu alisema ni utani. Mimi nilitaja ile "sasa," ambayo mtoto hangeweza kuipata kwingine. Suala hili halijaamuliwa hadi leo.

Lakini kusema nyumbani ni jambo moja, na kusema shuleni ni lingine. Septemba ilipofika, binti yetu alikuja kutoka Mokambo ili awepo. Alikuja na begi kubwa la safari. Lilikuwa tupu. Hakuna aliyeuliza ni la nini. Mke wangu alilipita mlangoni usiku na asubuhi kama anavyopita mbwa asiyemwamini.

Tulikaa wote katika chumba cha mkuu wa shule, begi katikati yetu.

"Jina yako nani, mama?"

Mtoto alimtazama viatu.

"Sema, mama. Jina yako?"

Binti yangu aliweka mkono juu ya begi. Nilifungua mdomo niseme "sasa," lolote, sasa niko nakohoa, ili mota ipate kuanza. Mke wangu alinifinya paja.

Mkuu wa shule alishusha pumzi. Alivuta daftari la majina, akatafuta cha kuandikia. Akainua karatasi. Akafungua droo, akaifunga. Akainua karatasi zilezile tena.

"Sasa madame iko natafuta biki," alisema mjukuu wangu.

Mkuu wa shule alisimama hivyohivyo, karatasi mkononi.

"Biki iko mu nywele."

Ilikuwa kwenye nywele, imechomekwa kati ya misuko. Mke wangu hakuweza kujizuia. "Umusamehe, madame. Mbanda yangu hana adabu."

Mtoto alimfyonza mbele ya mkuu wa shule.

"Mwenye hasemake njo huyu?" mama yule aliuliza. Alitoa kalamu kichwani akaijaribu kwenye pembe ya karatasi. "Na ku choo? Atajua kuomba?"

"Ataomba yake," mke wangu alijibu, "na ataomba ya benzake."

Akaandika.

Kesho yake tulimsindikiza binti yetu kwenye gari la Mokambo. Begi lilikuwa limejaa sombe, yaani kisamvu, karanga, na unga wa mihogo. Mke wangu alikuwa amelijaza usiku, hadi zipu ikagoma, kama anayeziba shimo. Binti alimbeba mtoto kwa muda mrefu, uso ameuzamisha shingoni mwa mtoto, halafu akanipa mimi. Sikutegemea kuwa hilo lingekuwa zito. Kwa kipwa chote nilikuwa nimefikiria mtoto atakayebaki, sikufikiria mama atakayeondoka bila yeye.

"Sasa mama iko napanda," mtoto alisema begani kwangu. "Sasa mama iko nakaa. Sasa mama iko naweka mukono."

Gari likasogea. Mtoto alingoja. Alizoea kwamba yeye akiishia, mimi ninaendelea. Aligeuza kichwa akanitazama karibu sana, mdomo, kisha macho, kisha tena mdomo.

"Sasa bwana hasemake," alimwarifu mke wangu.

"Mwache," mke wangu alisema, akinyoosha kola yangu ambayo haikuwa na tatizo. "Tutamupeleka na yeye ku maternelle."